Pakanga Asilimia Tisini na Nane

Uligeuza uso. Usinibishie, nilikuona. Wiki iliyopita nilikuachia Mal-ja amesimama katikati ya hamamu, jasho na mvuke vinamchuruzika, wanawake thelathini wanamcheka, na wewe ukakunja gazeti ukafungia samaki. Na kile kikopo chako cha krimu kimekaa mezani siku saba, uso kwako, mgongo ukutani, na hujakigeuza hata mara moja usome kilichomo.

Sawa. Mimi sisahau. Turudi pale pale tulipoachia.

"Hiyo *mul* si maji," alisema Mwalimu Guk.

Hamamu nzima ikaangua kicheko.

Kwa wewe uliyeingia sasa hivi, taulo bado begani, nakupa mawili matatu kisha usinisumbue. Tak Mal-ja ni msuguaji. Miaka thelathini na moja amesimama kando ya meza ya plastiki ya waridi katika hamamu ya wanawake hapa Gunsan, sidiria nyeusi, chupi nyeusi, kitambaa cha kijani amekivaa mkononi kama glavu, anatutoa nongo. Shule aliachia darasa la sita. Jina lake lenyewe, lenye maana ya mwisho, wazazi walimpa wakimwomba Mungu asiwape tena mtoto wa kike. Lakini mgongo wako anausoma kama barua. Anajua ulijipaka nini juzi kwa jinsi nongo inavyoviringika.

Mwaka ule wa krimu ya "ngozi mpya kwa wiki moja", mnaojifanya hamuukumbuki, mimi naukumbuka. Wanawake kumi na mmoja walimlalia mezani mashavu yamebabuka, na kila mmoja akasema, "Labda nimekula kitu kibaya." Mal-ja akaokota kikopo jalalani, akanunua daftari, akaanza kunakili viambato kimoja kimoja, kama mtoto anayejifunza irabu. Sasa yuko daftari la saba. Amelifunga kwenye nailoni lisilowe.

Ndipo akaja Bi Yeom na begi lake la magurudumu. Bi Yeom huuza vipodozi mlango kwa mlango, na mlango anaoupenda kuliko yote ni wa hamamu. Krimu yake inaitwa Theluji ya Pakanga, yale majani machungu ya dawa. Won elfu arobaini na sita, ukinunua moja unapewa ya pili bure. Usoni mwa kikopo kumeandikwa kwa dhahabu: *chuchulmul* ya pakanga, asilimia tisini na nane.

Mal-ja akalisoma neno hilo mbele za watu, akapiga paja. "*Chuchulmul!* Mkia wake ni nini? *Mul!* Na *mul* ni nini? Maji! Wameandika wenyewe, ninyi mnalipa!"

Mwenye hamamu, Bwana Pyo, hakanyagi upande wa wanawake. Hukaa kwenye kidirisha cha tiketi nyuma ya pazia, na sauti yake hutujia kwa kipaza sauti kama ya malaika mwenye mafua. Akatoa hukumu yake: neno hilo liamuliwe Jumapili, mbele ya wote. Mal-ja akikosea, afunge meza yake aondoke. Akipatia, Bi Yeom asifungue tena begi humu.

Na Jumapili Bi Yeom akaja na Mwalimu Guk, mwanamama aliyefundisha herufi za Kichina miaka thelathini na sita.

Haya. Kicheko kinaendelea.

"*Mul* hiyo imetoka kwenye Kichina," Mwalimu akaeleza, kidole chake kikiandika ndani ya mvuke. "Maana yake ni *kitu*. *Chuchulmul* ni kitu kilichotolewa ndani ya kitu. Dondoo. Mnyama je? Tunamwita *dongmul*, kitu kinachotembea. Sasa ng'ombe naye ni maji?"

"Dada Mal-ja," Bi Yeom akadakia, "una kiu? Nikuletee bilauri ya ng'ombe?"

Watu wakaanguka kwenye vigoda vyao. Mmoja alimeza sabuni.

Mal-ja hakucheka. Alikivua kile kitambaa cha kijani mkononi, kidole kwa kidole, akakikamua, akakitundika kwenye bomba.

Unajua maana yake? Msuguaji wa miaka sitini na mitatu hapati meza nyingine. Hamamu zenyewe zinafungwa moja baada ya moja; tatu zimekufa mtaa huu tangu binti yangu aolewe. Kile kitambaa kikitundikwa, kimetundikwa.

"Kosa nimekosa," akasema Mal-ja, akainama mbele ya Mwalimu mpaka nywele zikagusa vigae. "Asante kwa kunifundisha. Lakini kabla sijaondoka, mwalimu wangu, nimalizie somo."

"Uliza."

"Nikichukua pakanga, nikaichemsha kwenye maji, nikatupa majani. Kile kinachobaki sufuriani kinaitwaje?"

"*Chuchulmul.*"

"Chote? Pamoja na maji yake?"

Mwalimu akajikuna sikio. "Kwa watu wa viwandani, ndiyo. Chote."

"Na nikichemsha jani moja kwenye pipa?"

Mwalimu akaanza kuhesabu kwa vidole, akaacha.

"Mwalimu?"

"*Chuchulmul*," akasema Mwalimu Guk, taratibu, kama mtu aliyekanyaga kitu gizani.

"Asilimia ngapi?"

"Mia."

Mal-ja akageuka. Pale kwenye bwawa la pakanga, lile la maji ya kijani kibichi lenye mfuko wa majani unaoning'inia kama titi la mbuzi, alikuwa amekaa Bibi Seok, miaka themanini na minne, muuza samaki wakavu. Ni kichwa tu kilichoonekana.

"Bibi Seok! Umekaa ndani ya nini?"

"Umeanza upofu? Ndani ya bwawa, tangu saa moja!"

"Hapana, bibi. Umekaa ndani ya *chuchulmul* ya pakanga asilimia mia. Umeizidi krimu ya Bi Yeom kwa asilimia mbili."

Bibi Seok akafikiri. "Muongo. Miaka arobaini nakaa humu. Ingekuwa hivyo, makalio yangu yangekuwa ya bibi harusi."

Kicheko kikalipuka tena, lakini sasa kilikuwa kimehama upande. Bi Yeom alikisikia kikihama. Muuzaji mzuri hulisikia jambo hilo kabla ya mtu mwingine yeyote.

"Bwawa si krimu!" akapaza. "Mnafananisha bwawa la kuoshea miguu na kazi ya wataalamu? Ya kwetu imekolezwa! Ni nzito! Wewe dada na daftari lako, thibitisha haikukolezwa. Thibitisha!"

"Nipe kikopo."

"Hiki hapa. Soma mpaka uchoke."

Mal-ja akakigeuza. Mgongoni palikuwa na kibandiko cha njano, kikubwa kama biskuti: NUNUA MOJA, YA PILI BURE!

"Mdogo wangu," akasema Mal-ja, "hii ofa mbona imekaa mgongoni?"

"Ofa ni ofa."

"Ofa hukaa usoni ili mtu aione. Hii imefichwa nyuma. Au imekaa nyuma ili ifiche?"

"Vinakuja hivyo hivyo. Dereva analeta makasha, mimi nauza."

"Kibandue basi."

"Hakibanduki. Nilishajaribu na ukucha."

"Ah. Ulijaribu. Kwa nini?"

Bi Yeom akaficha ukucha ndani ya ngumi. "Mteja aliuliza tarehe ya mwisho wa matumizi," akasema, na sauti ilikuwa imepungua.

"Leteni hapa!" Bibi Seok akanyoosha mkono kutoka majini. "Gundi gani hiyo isiyoogopa maji ya moto? Nimebandua magamba tangu vita." Akakichukua kikopo, akakizamisha katikati ya magoti yake, akafumba macho kama kuku anayeatamia.

Tukahesabu. Wanawake thelathini, kwa sauti, kama watoto wa chekechea. Tulipofika mia moja na kumi na mbili, kibandiko cha njano kikaibuka chenyewe juu ya maji na kuelea.

"Kimetotolewa!" akapiga kelele Bibi Seok.

Chini yake palikuwa na maandishi. Madogo kama mayai ya chawa.

Na hapo, msomaji wangu, ndipo nilipoelewa kwa nini Bi Yeom alifundishwa kuuza hamamuni, si sokoni. Humu ndani nani anavaa miwani? Ukiivaa inajaa ukungu. Tulikuwa tunanunua tukiwa uchi miili, uchi macho. Miaka yote ile! Mimi mwenyewe nilinunua viwili.

"Nje!" akasema Mwalimu Guk. "Miwani yangu iko kabatini!"

Tukatoka mbio kuelekea chumba cha kuvalia. Usiwaze mbio za heshima. Waza bata. Mwalimu akaanza kupapasa shingo akitafuta ufunguo, akapapasa mkono, mpaka mtu akamwambia, "Mwalimu, mguuni, mguuni!" Kumbe ameufunga kifundoni kama sisi wote. Akainama, akafungua kabati, akavaa miwani kabla ya chupi.

"Soma," akasema Bi Yeom. Si Mal-ja. Bi Yeom ndiye aliyesema soma.

Mwalimu akasoma kwa ile sauti ya kuita majina darasani. "*Chuchulmul* ya pakanga, asilimia tisini na nane." Kidole chake kikateremka. "Halafu kuna mabano."

"Mabano yanasemaje?"

"'Pakanga kavu iliyotumika kutengenezea *chuchulmul* hii: asilimia sifuri nukta sifuri mbili.'"

Wengi hatukuelewa, na tuliogopa kusema.

"Kwa Kikorea cha sokoni, mwalimu!" akafoka Bibi Seok, ambaye alikuwa ndiyo kwanza anafika, anachuruzika.

"Kwenye kila gramu elfu kumi za maji yao, gramu mbili za majani."

"Gramu mbili? Paka akipita kwenye pakanga anatoka na zaidi ya hizo miguuni!"

Mal-ja alikuwa tayari ameshafungua nailoni. Akalilaza daftari la saba juu ya jukwaa la mbao, akalamba kidole.

"Nani hutundika ule mfuko bwawani kila alfajiri? Mimi. Naweka kilo ngapi? Mbili, kavu. Bwawa linakunywa maji kiasi gani? Tani nane, imeandikwa kwenye pampu. Mwalimu, mimi hesabu za nukta hunitoroka. Nisaidie."

Mwalimu Guk akaenda kwenye kioo kilichojaa ukungu, akaandika kwa kidole. Mbili. Elfu nane. Akagawanya. Akarudia, kwa sababu hakuamini. Kisha akageuka, uchi na miwani yake, na nakuapia sijapata kumwona mtu mwenye hadhi kama yule.

"Asilimia sifuri nukta sifuri mbili na nusu," akasema. "Bwawa limeshinda."

Mnajua makelele ya uwanjani? Hayo hayafui dafu. Watu walipiga milango ya makabati. Mashine ya kukaushia nywele iliwashwa bila sababu yoyote. "Naingia kwa elfu tisa," Bibi Seok alikuwa anapiga kelele, "elfu tisa! Naoga dawa inayoishinda krimu yao, na gumzo juu! Leteni chupa nichote! Nitauza kwa elfu arobaini na tano!"

"Kosa lako, Bi Mal-ja," Mwalimu akasema, "lilikuwa la kamusi. Lao ni la makusudi. Mimi nimefundisha maneno miaka thelathini na sita na sikuwahi kuuliza *kiasi gani*." Akainama, yeye, mbele ya msuguaji. Mpaka chini.

Bi Yeom alikuwa amekaa ukingoni mwa jukwaa. Ameshika mashavu yake mwenyewe.

"Mimi naipaka," akasema. "Asubuhi na jioni. Mwaka mzima. Nilidhani ngozi yangu ndiyo mbishi."

Nilimchukia yule mwanamke tangu siku ya kwanza aliyoingia, na sijamsamehe vile vikopo viwili. Lakini Mal-ja alifungua friji, akatoa kopo la kinywaji baridi cha wali na yai la kuchemsha, akalipasua yai kwenye kichwa cha Bi Yeom. Ko!

"Aah! Dada!"

"Hilo la bilauri ya ng'ombe. Tumemalizana. Kula. Hakuna aliyezaliwa anajua kusoma lebo. Kesho njoo na begi lako lote, tuanze na hizo losheni."

"Zote?"

"Zote. Na ile ya konokono, maana hiyo nina wasiwasi kama konokono mwenyewe ana habari."

Bi Yeom akacheka huku yai mdomoni. Ndiyo, alicheka. Mwalimu naye akacheka. Bibi Seok alishaanza kuuliza nani ana chupa tupu. Na Mal-ja akaushika mlango wa kurudi bafuni, akasema, "Ngoja nikakichukue kitambaa changu kwenye bomba."

Krrr.

Kipaza sauti.

"Mal-ja." Sauti ya Bwana Pyo. "Kiache hicho kitambaa kilipo."

Mkono ukabaki mlangoni.

"Nimesikia yote. Ulisema *mul* ni maji. Mwalimu amesema si maji. Tulikubaliana: ukikosea unafunga meza. Neno ni neno. Uwe umetoka kabla ya saa sita."

"Hee! Wewe!" Bibi Seok akakigeukia kipaza sauti kama kina uso. "Hukusikia mabano?"

"Hatukushindania mabano, bibi."

"Na mimi je?" Bi Yeom akasimama. "Mimi nimeshindwa, Bwana Pyo. Nimekubali mbele ya watu. Begi langu siliingizi tena."

"Bi Yeom, wewe utaendelea na kazi kama kawaida. Kasha jipya linakuja Jumanne."

Tukatazamana. Hilo lilitoka wapi? Mtu gani anayemfukuza aliyepatia na kumbakiza aliyekiri kushindwa? Na amejuaje siku ya kasha?

"Mimi mwenyewe sijui linakuja lini," Bi Yeom akanong'ona. "Dereva huwa haniambii."

Mwalimu Guk pekee hakuwa amesogea. Bado alikuwa na kikopo mkononi na miwani puani.

"Subirini," akasema. "Sikumaliza. Chini ya mabano kuna mstari mwingine."

Akasogeza kikopo karibu na taa. Akakisogeza mbali. Akavua miwani, akaifuta kwa taulo la jirani, akaivaa tena. Rangi ilikuwa inamtoka usoni taratibu, na si kwa sababu ya baridi.

"'Anayewajibika kwa mauzo ya bidhaa hii,'" akasoma. "Gunsan."

"Gunsan hapa?"

"Gunsan hapa." Akainua macho, akalitazama lile pazia dogo la kidirisha cha tiketi, mwisho wa chumba. "Pyo. Pyo Jae-gu."

Kipaza sauti kikazimwa. Tukasikia kabisa: tik.

Kisha, nyuma ya pazia, droo ikafungwa kwa haraka. Funguo zikalia. Kitu kizito, kama kasha, kikaburuzwa sakafuni.

Mal-ja akausukuma mlango, akaenda mpaka kwenye bomba. Akarudi na kitambaa chake cha kijani. Akakivaa, kidole kwa kidole, akakikaza kwenye kiganja kama bondia. Bi Yeom akasimama kushoto kwake, bado ana ganda la yai kwenye nywele. Mwalimu kulia, na kikopo. Bibi Seok akajifunga taulo, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mwanamume yeyote wa mji huu.

"Bwana Pyo," Mal-ja akaita, kwa upole ule ule anaokuambia nao ugeuke upande wa pili. "Uko vizuri huko? Maana naona una nongo."

Tukatembea. Nyayo sitini zilizolowa. Mal-ja akaishika ncha ya pazia.

Unataka nikuambie alichokiona? Sikuambii. Wiki nzima ulikaa na mgongo wa kikopo umeelekea ukutani, halafu unataka Mal-ja peke yake ndiye afunue?

Inuka. Si ukimaliza chai; sasa hivi, gazeti mkononi. Nenda kwenye kile kikopo. Kigeuze. Kina kibandiko? Maji ya moto, uhesabu mpaka mia moja na kumi na mbili. Vaa miwani. Soma cha kwanza ni nini, soma kiasi gani, soma mabano, kisha ushuke mpaka mstari wa chini kabisa, pale penye jina la mtu.

Lisome kwa sauti, mwenyewe akusikie.